Nimehamisha databesi kwenda seva moja, tawi la Tukuyu kila asubuhi linagoma kuunganisha ila Makambako hawana shida. Tatizo liko wapi?

#1 KijanaWaSae
Habari wakuu. Nina mfumo wa maduka ya pembejeo, duka kuu liko Mwanjelwa na matawi mawili, Tukuyu na Makambako. Zamani kila duka lilikuwa na databesi yake kwenye kompyuta ya kaunta, Windows 10 na XAMPP (kifurushi chenye databesi ndani), mwisho wa wiki watu wanapanda basi na flashi kuja Mbeya tunaunganisha hesabu. Sasa nimehamishia zote kwenye seva moja ya kukodi, Ubuntu na MySQL 8, na programu ya kaunta ambayo nimeiandika kwa Java inaongea na seva moja kwa moja kwa poti 3306.

Data imehama vizuri, nimehesabu mistari ya kila jedwali huku na huku inalingana. Shida ni Tukuyu. Kila asubuhi dada wa kaunta akitaka kutoa risiti ya kwanza programu inagoma, inasema haijaunganishwa na databesi. Anarudia inagoma, baadae inakubali yenyewe halafu mchana kutwa hakuna shida. Makambako hawajalalamika hata siku moja. Seva ile ile, programu ile ile, paswedi ile ile. Msimu wa mbolea ndio huo unakuja na sitaki wakulima wasimame foleni wakati mimi nahangaika na koneksheni.

#2 Mnyalu_Ilula
Ngoja waje wenye fani. Nimeweka kambi hapa.

#3 MamaSeva
Kamwene. Mdogo wangu, hiyo "haijaunganishwa na databesi" ni sentensi uliyoiandika wewe ndani ya programu, seva haijasema hivyo. Tunataka ujumbe halisi na namba yake. Ukiona 2003 ujue hujaifikia seva kabisa, aidha fayawoli imefunga poti au MySQL inasikiliza 127.0.0.1 peke yake, yaani kompyuta yake yenyewe, kwa sababu bind-address haikubadilishwa. 1045 umefika ila jina au paswedi imekataliwa. 1130 umefika ila seva haiitambui anwani unayotokea, hapo hata paswedi hujaulizwa. 2006 na 2013 ulishaingia ndani, koneksheni ikafa baadae. Kwenye Java mara nyingi utaona maneno marefu badala ya namba, leta hayo maneno yote usiyakate. La sivyo watu wataanza kukugawia dawa na ugonjwa hujautaja.

#4 FundiKabwe
Mama Seva tusizungushane hili linajulikana. MySQL ina wait_timeout, ukiiacha kama ilivyokuja ni sekunde 28800 yaani masaa 8. Koneksheni ikikaa kimya masaa 8 seva inaikata. Duka linafungwa saa 12 jioni linafunguliwa saa 1 asubuhi, hayo ni masaa 13, programu inaamka inadhani bado iko ndani kumbe ilishatolewa usiku. Ikigoma inafungua koneksheni mpya ndio maana mchana kutwa inaenda. Panua wait_timeout iwe masaa 24 uzi ufungwe.

#5 Ndizi_Tukuyu
Ufungwe wapi Fundi na wewe Tukuyu unapita tu na basi la Kyela. Mimi nakaa huku. Kaunta nyingi za huku zinatumia rauta ya laini ya simu, na laini ya simu haikupi IP ya peke yako, mnagawana wateja wengi IP moja, mitambo ya kampuni ndio inatunza orodha ya nani anaongea na nani. Ukikaa kimya muda fulani wanakufuta kwenye orodha, hawakuambii wewe wala hawaiambii seva. Wewe unadhani umeunganishwa, seva nayo inadhani umeunganishwa, katikati hakuna njia. Hiyo haisubiri masaa 8.

#6 FundiKabwe
@Ndizi_Tukuyu kama haisubiri basi mbona mchana wakienda kula hawagomewi?

#7 Ndizi_Tukuyu
Nani kakwambia kaunta ya pembejeo inafungwa mchana, anakula mmoja mwingine anauza 😂

#8 KijanaWaSae
Asanteni sana. Mama Seva nimeutoa kwenye logi ya kaunta ya Tukuyu. Asubuhi nyingi ni huu:

Communications link failure. The last packet successfully received from the server was 46,911,207 milliseconds ago... is longer than the server configured value of 'wait_timeout'.

Lakini kuna asubuhi nyingine, chache, nimekuta kitu tofauti kabisa:

Host '...' is not allowed to connect to this MySQL server

IP nimeifuta. Hapo sasa ndio nimechanganyikiwa zaidi maana mtumiaji ni yule yule.

#9 FundiKabwe
Si umeona wenyewe wameandika wait_timeout hapo. Gawanya hizo milisekunde kwa 3,600,000 unapata masaa 13 na kidogo, jioni mpaka asubuhi kama nilivyosema. Nimemaliza.

#10 MamaSeva
Nusu umemaliza. Hayo ni matatizo mawili yanakaa nyumba moja. La kwanza tutabishana nalo. La pili, ile ya "not allowed", ni 1130, na inakuja kwa sababu ulipotengeneza mtumiaji ulimfunga kwenye IP ya Tukuyu ya siku ile, si ndio? Kwenye MySQL mtumiaji ni jina pamoja na mahali anapotokea, mtumiaji anayeitwa duka wa IP hii na duka wa IP ile ni watu wawili. Rauta ya laini ikizimwa na kuwashwa inaweza kurudi na IP nyingine na seva haimjui. Makambako wana nini, faiba?

#11 KijanaWaSae
Ndio dada nilimfunga kwa IP. Makambako wana faiba yenye IP ya kudumu, Tukuyu ni rauta ya laini.

#12 Mbozi_Kahawa
Sasa si umuwekee alama ya asilimia tu, 'duka'@'%', aingie kutoka popote. Sisi kwenye ghala la kahawa Vwawa tumefanya hivyo na maisha yanaendelea.

#13 Baridi_Makete
@Mbozi_Kahawa hapana kaka, tena naomba na wewe ukaiondoe leo. Poti 3306 ikiwa wazi kwa dunia nzima kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikibisha hodi na kujaribu paswedi. Mwaka 2017 databesi nyingi za MongoDB zilizoachwa wazi zilifutwa, wenyewe walikuta jedwali moja la ujumbe wa kudai bitcoin, na MySQL nazo ziliguswa. Kwenye maghala yenu kuna majina ya wakulima, namba za simu na za NIDA, na tangu ipite Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huo ni mzigo wako wewe unayezitunza, mkulima akilalamika huwezi kusema hukujua.

Njia nzuri ni WireGuard, programu ya VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti. Unaweka kwenye seva na kwenye kila kaunta, kila tawi linapata IP yake ya ndani isiyobadilika hata rauta ikipewa IP mpya mara ngapi. MySQL unaifunga isikilize IP ya ndani peke yake na 3306 unaifunga kwa nje. Halafu kuna mstari mmoja wa PersistentKeepalive, ukiweka 25 kila sekunde 25 inatuma kijipaketi kidogo njia isifutwe. Inatibu 1130 na ile hoja ya Ndizi kwa pamoja.

#14 Mbozi_Kahawa
Nimekuelewa kiongozi. Ngoja nimpigie kijana wetu.

#15 Mzee wa Uyole
Nimesoma tangu juu. FundiKabwe vijana wengi wanadanganywa na huo ujumbe wa post namba 8. Ile sentensi ya wait_timeout haijatoka kwenye seva, ni draiva ya Java, kile kipande kinachoiunganisha programu na databesi, inapiga hesabu yake yenyewe: nimekaa kimya masaa 13, seva imewekewa 8, 13 ni kubwa kuliko 8, basi itakuwa hiyo. Draiva haijui aliyekata ni nani, hata ungechomoa waya wa rauta saa 3 usiku asubuhi ingeandika hivyo hivyo.

Kuanzia MySQL 8.0.24 seva ikikata kwa sababu ya ukimya inamwachia mteja ujumbe wenye namba 4031 kwamba umetolewa kwa kukaa kimya. Kijana hajaleta 4031. Kwa hiyo mimi naegemea kwa Ndizi_Tukuyu, njia ilikufa kabla.

#16 Ndizi_Tukuyu
Ndaga fijo mzee wangu! Fundi uko wapi?

#17 FundiKabwe
Nipo. Mzee shikamoo, lakini hiyo 4031 inahitaji draiva mpya inayoijua, na pia inahitaji kompyuta iwe macho kuipokea. KijanaWaSae una draiva toleo gani na hiyo kompyuta usiku inakuwaje?

#18 KijanaWaSae
Draiva ni ya zamani, 5.1 kitu, niliitoa kwenye mradi wa chuo. Nimempigia dada wa Tukuyu anasema kompyuta hawazimi, wanaacha tu inalala yenyewe. Makambako mwenye nyumba anazima swichi kubwa kila jioni kwa hiyo kompyuta inazimwa kabisa, asubuhi wanawasha upya na programu wanaifungua upya.

#19 MamaSeva
Na hilo ungetuambia kwenye post ya kwanza 😄 Maana sasa Makambako na Tukuyu wanatofautiana kwa mambo matatu: faiba na laini, IP ya kudumu na ya kubadilika, kompyuta inayozimwa na inayolala. Makambako programu inaanza na koneksheni mbichi kila siku, hata kama seva inakata na hata kama njia inakufa wao hawawezi kuliona tatizo. Kwa hiyo kusema "Makambako wazima" haitusaidii kujua kati ya Fundi na Ndizi nani yuko sahihi.

Nionyeshe na hapo kwenye programu unafunguaje koneksheni.

#20 KijanaWaSae
Ninayo moja, naifungua programu inapoanza naiweka static, madirisha yote yanaitumia hiyo hiyo.

#21 MamaSeva
Basi anza hapo kabla hujagusa seva. Weka HikariCP, ni maktaba ndogo ya kutunza koneksheni, yenyewe haiachi koneksheni izeeke zaidi ya nusu saa na kabla ya kukupa inaikagua kama bado hai. Hapo aliyekata awe seva awe rauta, mwenye kaunta hatajua. Na usisikilize atakayekuambia uweke autoReconnect=true. Inaunganisha upya katikati ya kazi, na programu isiposhughulikia makosa vizuri unakuta risiti imeingia, stoku haijapungua, na hakuna aliyeona.

#22 FundiKabwe
autoReconnect mimi nimeitumia miaka na sijaona hiyo shida. Kama kila amri inajitegemea haina neno.

#23 MamaSeva
Risiti yenye mifuko ya mbolea ya DAP, dawa ya magugu na mbegu haijitegemei Fundi, ni mistari mitano sita inayotakiwa iingie yote au isiingie hata mmoja.

#24 Mchele_Kyela
Samahani naingilia kidogo. Mimi nilihama hivyo hivyo kutoka XAMPP kwenda Ubuntu ila mimi data yenyewe iligoma. Kwanza nilitoa faili kwa PowerShell, mysqldump (programu ya kutoa nakala ya databesi) halafu alama ya mshale kwenda bakapu.sql. Kwenye Windows ukilifungua unaona zuri kabisa, kwenye Linux linalia ASCII '\0' appeared in the statement. Nikaja kugundua PowerShell ile ya Windows ukitumia mshale inaandika UTF-16, kila herufi inafuatiwa na sifuri. Dawa yake ni kutotumia mshale, unaweka --result-file na jina la faili mysqldump aandike mwenyewe.

Halafu lilipoingia programu ikaanza kusema jedwali Wateja halipo na mimi naliona hapa. Kwenye Windows MySQL haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya majedwali, Linux inajali. Jedwali lilikuwa wateja, programu inaita Wateja.

#25 Mnyalu_Ilula
Hilo la herufi lilinipata pia, si kuna lower_case_table_names unaweka 1 inaisha?

#26 Mzee wa Uyole
Kwenye MySQL 8 ni lazima uiweke kabla seva haijaanzishwa mara ya kwanza. Ukishaianzisha ukabadilisha baadae haiwaki kabisa. Ni heri urekebishe programu uandike majina kwa herufi ndogo pote.

#27 Mchele_Kyela
Na jingine, XAMPP ya siku hizi sio MySQL ni MariaDB, iliyotokana na MySQL, walibadilisha 2015 ila kitufe bado kimeandikwa MySQL watu wengi hawajui. Kutoka MariaDB kwenda MySQL 8 nilipita kwa bahati, kurudi ndio balaa, faili la MySQL 8 lina utf8mb4_0900_ai_ci (kanuni ya kulinganisha herufi) na MariaDB niliyokuwa nayo haikuijua. Na mafaili ya MariaDB ya kuanzia 2024 yana mstari wa kwanza wenye maneno sandbox mode, MySQL inaukataa, unaufuta huo mstari mmoja linaingia.

#28 Parachichi_Njombe
Mimi naomba niseme la Excel maana hapa hakuna aliyeligusa na limetuumiza. Tulihamisha wakulima wa parachichi kutoka Access kwenda PostgreSQL, databesi nyingine, jamaa akatoa CSV, akaifungua Excel aangalie kama iko sawa, akasevu. Akaua namba zote. Namba za simu zilizoanza na sifuri zikabaki tarakimu tisa, hizo bado unaweza kurudishia sifuri. Namba za NIDA ndio msiba. NIDA ina tarakimu 20, baadhi ya makarani waliziandika bila vistari, na Excel inashika tarakimu 15 tu za namba, zilizobaki inageuza sifuri. Zile hazirudi. Makarani wamezunguka vijijini na madaftari upya.

Namba usizoweza kuzijumlisha sio namba, ziweke kama maandishi. Na usije ukaweka bigint ukidhani ni kubwa, mwisho wake ni tarakimu 19.

#29 Baridi_Makete
Pole sana. Mngekuwa na lile faili la Access la mwanzo mngetoa upya.

#30 Parachichi_Njombe
Lilikuwepo, kompyuta yake ikawa imefomatiwa.

#31 Mnyalu_Ilula
Duh. Njombe poleni. Vipi parachichi kilo bei gani huko sasa hivi?

#32 Parachichi_Njombe
Njoo inboksi 😂

#33 Posta_Iringa
Ninyi wote mnahangaika na MySQL hameni. PostgreSQL haina huo ujinga wa kukata watu baada ya masaa 8, ina idle_session_timeout tangu toleo la 14 na imekuja ikiwa imezimwa.

#34 Ndizi_Tukuyu
Seva isipokata ndio rauta ya Tukuyu itaacha kufuta njia? Utahama na tatizo lako begani.

#35 Mchele_Kyela
Na kuhama kwenyewe sio kubonyeza kitufe. Tarehe za 0000-00-00 ambazo MySQL za zamani zilizikubali Postgres haizitaki hata moja. Ukiingiza data na namba zake mara nyingi hesabu ya namba inayofuata inabaki kwenye 1, risiti ya kwanza mpya inakwambia duplicate key mpaka ukaisogeze kwa setval. pgloader, programu ya kuhamisha data kwenda Postgres, inakufanyia mengi ya hayo, ila mtumiaji wa MySQL 8 mwenye caching_sha2_password (njia mpya ya kukagua paswedi) inashindwa kuingia naye, inabidi umtengenezee wa mysql_native_password kwa muda.

#36 Posta_Iringa
Sikatai, kazi ya mara moja hiyo lakini.

#37 Mzee wa Uyole
Turudi kwa kijana wa Sae. Kuna njia ya kupima bila kubishana. MySQL inawasha kile kinachoitwa TCP keepalive kwenye koneksheni zake, na Linux ikiachwa kama ilivyo inasubiri sekunde 7200 za kimya, kisha inabisha hodi mara 9 kila baada ya sekunde 75. Jumla masaa mawili na dakika kama 11. Sasa, kaunta imefanya kazi ya mwisho saa 12 jioni. Kama njia imekufa, seva itagundua kwenye saa 2 na dakika 11 usiku. Kama njia iko hai na ni wait_timeout ya Fundi, itakata saa 8 usiku kamili. Weka log_error_verbosity iwe 3 ili logi iandike koneksheni zinazokatika, uache usiku upite, uangalie saa ya kukatika.

#38 FundiKabwe
Mzee hiyo nimeipenda, nakubali matokeo yoyote.

#39 KijanaWaSae
Nimefanya kama mzee alivyosema. Koneksheni ya Tukuyu imeandikwa imekatika 17:12. Lakini saa 11 na dakika 12 jioni duka lilikuwa wazi wanauza! Sasa inakuwaje?

#40 Boda_Tunduma
Hiyo logi iko kwa saa za UTC sio za kwetu, ongeza masaa matatu. Kwa MySQL log_timestamps inakuja ikiwa UTC. Mimi hilo limenifundisha adabu, nina mfumo wa gesti ya madereva wa malori hapa mpakani, seva iko UTC, dereva anaingia saa 8 usiku analipa, ripoti inamweka kwenye siku ya jana. Kila aliyelipa kati ya saa 6 na saa 9 usiku alihesabiwa jana, na zamu ya usiku ikawa kila siku inagombana na zamu ya mchana kuhusu pesa. Nikaweka default-time-zone='+03:00' risiti mpya zikatulia, za nyuma zilizokuwa kwenye DATETIME ilibidi nizisogeze mwenyewe maana DATETIME inatunza ulichoandika tu, TIMESTAMP ndio inayobadilika na saa za eneo.

#41 Ndizi_Tukuyu
17 jumlisha 3 ni 20, saa 2 na dakika 12 usiku. Wakuu mnasikia lakini? Njia ilikufa! Laini ya simu!

#42 FundiKabwe
Usishangilie. Kompyuta iliyolala nayo haijibu hodi. Wanafunga saa 12 inalala baada ya nusu saa, seva inabisha saa 2 hakuna anayejibu, inakata saa 2 na dakika 11. Ni saa zile zile. Kwa hiyo ni usingizi wa kompyuta sio laini yako.

#43 Mzee wa Uyole
Hapo Fundi ana hoja. Kipimo changu kinatoa wait_timeout nje, hakitenganishi laini na usingizi. Waambie Tukuyu wazime ule usingizi kwenye mipangilio ya Windows, kompyuta ikae macho usiku mmoja, muangalie tena.

#44 Baridi_Makete
Au weka WireGuard mlale.

#45 FundiKabwe
WireGuard kwenye kompyuta iliyolala inalala nayo kaka.

#46 KijanaWaSae
Mrejesho. Tukuyu wamezima usingizi. Usiku wa kwanza koneksheni ilikatika saa 8 kasoro nukta, ile ya Fundi, asubuhi ikagoma kama kawaida. Usiku uliofuata huku kulikuwa na mvua kubwa sana, ikakatika saa 2 na dakika kama 11 tena na kompyuta ilikuwa macho. HikariCP nimeshaiweka Mwanjelwa na Tukuyu, na tangu niiweke dada wa kaunta hajapiga simu. WireGuard naiweka wikiendi, 1130 bado inatokea rauta ikizimwa.

Ila leo asubuhi Makambako nao wamegoma risiti ya kwanza. Makambako kwenyewe sijagusa kitu, wako na programu ya zamani.

#47 Ndizi_Tukuyu
Usiku wa mvua ni wangu huo.

#48 FundiKabwe
Na usiku wa kwanza ni wangu. Saa 8 ndio saa 8.

#49 Posta_Iringa
Makambako labda mwenye nyumba jana hakuzima swichi?

#50 KijanaWaSae
Nimeuliza, wanasema alizima.

#51 MamaSeva
Kama alizima basi koneksheni ilikuwa mbichi na hakuna hoja hata moja ya hapo juu inayowahusu. Mdogo wangu nenda kwenye logi ya kaunta ya Makambako utoe ujumbe mzima wa leo asubuhi. Angalia hasa kama imeandikwa host is blocked because of many connection errors, hiyo ni 1129, seva inaizuia IP ambayo koneksheni zake zimekatika mara nyingi mfululizo kabla hazijakamilika. Na angalia seva yenyewe ina RAM kiasi gani na bakapu yako inaanza saa ngapi, andika SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Uptime' uone kama MySQL haikuanguka usiku ikainuka.

#52 KijanaWaSae
RAM ni GB 1. Bakapu nimeiweka saa 12 na nusu asubuhi. Uptime naangalia sasa hivi.